Utani Mlangoni mwa Bibi Mwantumu

Kidole cha Abdulswamadu tulikiacha juu ya kitufe cha redio ndogo ya kaseti, mezani pa baraza la kata ya Nyamikambo. Sasa amebonyeza.

Mkanda ulikwaruza kidogo. Halafu ikatoka sauti ya kizee ambayo hakuna mtu wa mji ule asiyeifahamu.

"Kweli bwana wangu," sauti ilisema. "Mama yangu mlimkamata nyie huko milimani, mkaja mkamuuza katika nyumba hii hii. Sie tumewekwa tu. Nyumba ina wenyewe."

Abdulswamadu akaizima redio, akakunja mikono.

Kama ndiyo kwanza unalifungua gazeti letu, sogea nikupashe haraka, maana mambo hayatungoji. Nyamikambo ni mji mdogo chini ya Kibiti, pale inapoanzia mikoko ya delta. Zamani ulikuwa na forodha na matajiri wa boriti. Siku hizi umebaki na mtaa mmoja wa nyumba za mawe zinazomomonyoka. Lakini tangu mambo yawe ruksa, watu wa Dar es Salaam wenye magari yao huja Jumamosi kuutazama mtaa huo, na wanaowatembeza kwa miguu ni wawili. Mmoja ni Muzdalifa, binti wa Kimatumbi mwenye sauti kavu na mwendo wa haraka. Wa pili ni Agapiti, Mngoni wa Songea, mganga mstaafu wa zahanati, ambaye kazi yake ni kuwaeleza wageni wa Kiingereza.

Matembezi huishia kwenye mlango wa nakshi wa Bibi Mwantumu, mzaa mama wa Muzdalifa. Mama mwenyewe alikwisha kufa, naye alikuwa mtoto pekee wa bibi huyo. Nyumba ile ndiyo kwao Muzdalifa, hana kwingine. Na nyumba ile ndiyo anayoitaka Abdulswamadu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aigeuze hoteli. Anadai kwamba ilijengwa na babu yake, Mzee Abdala, hivyo ni mali ya ukoo wake, na kina Bibi Mwantumu walikuwa watumwa walioachwa kuilinda.

Haya, tuendelee.

Muzdalifa alisimama kabla hajaambiwa asimame. "Mwalimu Tamimu, huo ni utani," alimwambia mwenyekiti. "Aliyekuwa akisema na bibi ni Agapiti. Yule ni mtani wake, na hapa hakuna asiyejua."

Wajumbe wakapumua. Muzdalifa akawaeleza jinsi ilivyo kila Jumamosi. Wageni wakifika mlangoni, Agapiti huugonga kwa fimbo na kutangaza kwamba nyumba ni yake, na kizee kilichomo ndani ni mtumwa wake, aliyetekwa na mababu zake Wangoni huko milima ya Matumbi. Bibi hujibu kutoka ndani kwa unyenyekevu wa kuigiza, kisha hutoka na ufagio kumdai Mngoni faini ya kukanyaga kizingiti chake. Wageni hucheka mpaka machozi. Muzdalifa mwenyewe aliupenda mchezo ule hata akaufanya ndiyo tamati ya matembezi.

Mjumbe mmoja akakumbusha siku ya mazishi ya mume wa bibi, Agapiti alipokaa juu ya jeneza akikataa lisitoke mpaka apewe godoro la marehemu. Baraza likacheka. Wangoni na Wamatumbi ndivyo walivyo, wala hakuna anayekasirika.

Mimi nilidhani kesi imekwisha. Muzdalifa naye alidhani hivyo, maana alishaanza kukusanya mtandio wake.

Abdulswamadu akangoja kicheko kipungue.

"Mimi si Mngoni wala Mmatumbi," alisema kwa upole. "Mimi nilikuja kama mgeni, nikatoa changu, nikatembezwa, nikarekodi. Niliambiwa nitaonyeshwa historia ya mji huu. Hakuna aliyeniambia kwamba hapa ni kweli na pale ni mchezo. Sasa kama mlangoni walitania, kisimani walisema nini? Forodhani je? Mwalimu, muulize binti huyu kweli yake inaanzia kituo gani."

Kicheko kikafa. Nitasema bila kumung'unya maneno: mtu yule alikuwa mbaya, lakini swali lake lilikuwa zuri. Utani ni wa watani. Muzdalifa aliutoa nje akauonyesha watu wasiohusika, na sasa mmoja wao ameurudisha barazani ukiwa umevaa suti.

Mwalimu Tamimu alikuwa mwenyekiti wa baraza, na jioni husomesha vitabu msikitini. Ni mtu asiyependa kuamua kitu akiwa amekaa. Alisema Bibi Mwantumu hawezi kuitwa ofisini kwa sababu ya miguu yake, basi baraza litamfuata. Na kwa kuwa matembezi ndiyo yaliyotiliwa shaka, Muzdalifa awatembeze wajumbe njia ile ile, awaambie yale yale anayowaambia wageni, bila kupunguza wala kuongeza.

"Na Agapiti?" aliuliza mtu.

Agapiti alikuwa Chumbi, alikokwenda kutafuta mchele, ng'ambo ya mto. Habari zilisema kivuko cha Ndundu kimeharibika tangu jana.

Wakatoka. Nyuma ya wajumbe wakaunga wauza samaki, wenye baiskeli na kina mama waliokuwa wakingoja mashine ya kukoboa. Watu wa mji mzima walikuwa wamegeuka watalii kwao wenyewe.

Kituo cha kwanza ni kisima cha mawe. Muzdalifa alieleza kwamba kilichimbwa kabla ya Wajerumani, na kwamba wapagazi walioshuka kutoka bara walinywa hapo.

"Kweli au utani?" aliuliza Abdulswamadu.

Watu wakaguna. Muzdalifa alisema ni kweli.

Kituo cha pili ni ukuta uliobaki wa forodha. Alipomaliza kueleza, Abdulswamadu akauliza tena vilevile, kwa sauti ile ile ya adabu. Safari hii kuna waliocheka, na hawakuwa wakimcheka yeye. Muzdalifa alisikia uso unamwaka moto. Maneno aliyokuwa akiyasema kila wiki bila kufikiri, sasa kila moja lilimtoka kwa taabu, na akaona aibu mbele ya watu waliomjua tangu akiwa mtoto.

Kituo cha tatu ni uwanja mtupu uliokuwa ghala la boriti. Hapo ndipo huwa anajidai. Hapo ndipo anapowaambia wageni habari za baba yake Bibi Mwantumu, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani bila kitu, akakata mikoko, akauza boriti kwa mabaharia wa Uarabuni, mpaka akainunua nyumba kubwa kuliko zote mtaani. Wageni wengine humpigia makofi.

Leo hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Tamimu aliinamisha kichwa kama anayetafuta kitu mchangani.

"Mzee huyo, binti yangu, alikuwa akiitwa nani?"

"Kibwana, Mwalimu."

"Kazikwa wapi?"

Katika matembezi yote aliyofanya, hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza hilo. Wala Muzdalifa hakuwahi kumuuliza bibi yake.

"Maana kila Shaabani mji huu unafagia makaburi ya wazazi," aliendelea Mwalimu Tamimu. "Nami nimemwona Bibi Mwantumu makaburini tangu nina akili zangu. Kaburi analofagia nalijua."

Muzdalifa naye alilijua. Ni kaburi la Mzee Abdala, aliyeijenga nyumba. Kila mwaka bibi hulifagia, hulimwagia maji na kuketi kando yake kwa muda mrefu. Alipokuwa mdogo Muzdalifa aliambiwa kwamba ni heshima kwa mwenye nyumba wa kwanza, na hakutia shaka.

Abdulswamadu hakuuliza kama ni kweli au utani. Alikuwa akitazama pembeni, ametulia, na msomaji wangu naomba uukumbuke utulivu ule.

Hapo ikasikika kengele ya baiskeli. Umati ukapasuka, na Agapiti akateremka, tope limemfika magotini. Alikuwa amevushwa kwa mtumbwi, baada ya kuona kivuko hakina dalili ya kutengenezwa. Alipokuwa akiingia mjini alishaambiwa kila kitu.

"Mwenyekiti, mkosaji ni mimi," alisema huku akihema. "Maneno yale niliyatunga. Mababu zangu walikuwa wakulima, hawajapata kumkamata hata kuku wa Kimatumbi. Nilisema ili wageni wacheke, na yule bibi alinijibu kwa kuwa nilimchokoza. Niandikeni hivyo, nami nitaapa kwa kitabu changu."

Muzdalifa alitaka kumkumbatia. Wajumbe walitazamana wakatikisa vichwa kukubali. Kesi ya Abdulswamadu ilikuwa imelala chali mbele ya macho ya watu.

"Vizuri," alisema Abdulswamadu. "Basi tumalizie. Tukamsikie na mwenyewe."

Bibi Mwantumu alikuwa kibarazani, chini ya mlango wake, anasuka ukili. Aliona kundi linakuja, wala hakuacha kusuka. Mwalimu Tamimu akampa shikamoo, akaketi kando yake kwenye jiwe, akamweleza taratibu yaliyotokea tangu asubuhi. Kisha akamuuliza kama maneno ya kwenye mkanda yalikuwa utani.

Agapiti hakuweza kungoja. Alisogea akagonga nguzo kwa fimbo, kama ilivyo desturi yao. "We mtumwa," alisema, na sauti ilikuwa ikimtetemeka, "waambie watu hawa kwamba mimi ni mwongo, nikupunguzie kazi."

Alikuwa anambembeleza. Kila mtu aliliona hilo. Bibi alikuwa na kazi ya kuokota ufagio tu na kumfukuza, na nyumba ingebaki yake.

Bibi Mwantumu akauweka ukili chini.

"Agapiti baba, leo sitanii," alisema. "Na siku zote ulizokuwa ukija hapa kunitania, wewe ulikuwa unatania, mie nilikuwa nasema. Nilifurahi kupata mahali pa kuyasemea bila mtu kunitazama vibaya."

Fimbo ya Agapiti ilianguka chini, naye hakuiokota.

Bibi akamwambia Mwalimu Tamimu yote, polepole, akimtazama yeye tu. Mama yake alitekwa vitani milimani akiwa msichana, akapitishwa mikono kadhaa, mwisho akauzwa Nyamikambo katika nyumba hii. Habari za Kibwana na boriti zake hazikuwa na mtu ndani yake. Alizitunga mwenyewe binti yake alipoanza shule, ili mtoto asiitwe jina baya akiwa darasani. Binti akamsimulia Muzdalifa, na Muzdalifa akawasimulia wageni.

Muzdalifa alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya mchanga. Alilia, na sitaki kuzunguka maneno: alimlilia yule babu wa boriti, ambaye alimpenda na ambaye hakuwahi kuwapo.

"Bibi," aliweza kusema, "kwa nini useme leo? Tulikuwa tumeshinda."

"Kwa sababu Agapiti anataka kuapa uongo kwa ajili yangu, na mie niko karibu na kaburi. Halafu sikiliza mpaka mwisho, mwanangu, usilie kabla ya wakati."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama Abdulswamadu usoni.

"Wewe unasema nyumba kajenga babu yako, Mzee Abdala. Kweli kajenga. Mama yangu alikuwa suria wake. Mzee Abdala ndiye baba yangu. Baba yako wewe ni kaka yangu, baba yetu mmoja. Na mzee alitugawia yu hai, mbele ya watu: kaka yangu akapewa minazi na duka la Dar es Salaam, mie nikapewa nyumba hii. Kaka alijua. Aliona haya kuwa na dada aliyezaliwa na mjakazi, nami nikamsitiri kwa kunyamaza. Sasa wewe mtoto wake umenifungua kinywa."

Umati ukavuma. Mwalimu Tamimu akanyanyua mkono watu watulie. Alisema sheria haina shaka: mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake ni mtoto huru, ana haki kama mtoto wa ndoa, na alichopewa na baba yake akakishika maisha yake yote ni chake. Mtu asimguse.

Agapiti alimshika Muzdalifa mkono akamnyanyua. Kina mama wakapiga vigelegele. Muzdalifa akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaanza kuona kwamba amepoteza babu mmoja lakini amebakiwa na nyumba. Alimgeukia Abdulswamadu aone atakavyoondoka.

Abdulswamadu hakuondoka. Alivua viatu, akapanda kibarazani, akapiga magoti mbele ya kizee akauchukua mkono wake akaubusu.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

Vigelegele vikakatika.

"Mwalimu Tamimu," aliendelea, bado amepiga magoti, "baraza limesikia. Mbele ya mji mzima amenikiri kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake. Madai yangu ya nyumba nayafuta sasa hivi, nyumba ni yake. Nina swali moja la dini tu. Mwanamke aliyefiwa na mume, aliyefiwa na mwanawe wa pekee, akiwa na mtoto wa kiume wa marehemu kaka yake na mjukuu aliyezaliwa na binti yake. Siku Mungu akimchukua, mrithi wake ni nani?"

Mwalimu Tamimu alikuwa ameshaona alikopelekwa, na alikuwa amechelewa.

"Jibu, Mwalimu."

"Mtoto wa kaka," alisema Mwalimu Tamimu kwa sauti ndogo. "Mtoto wa binti harithi akiwapo yeye."

Muzdalifa alisikia, lakini ilimchukua muda kuelewa. Abdulswamadu aliinuka akamsogelea karibu, akasema kwa sauti ya kumtosha yeye tu.

"Kesi yangu nilijua haina miguu. Marehemu baba alinieleza yote alipokuwa mgonjwa. Lakini bila shangazi kunikiri kwa kinywa chake, mimi kwake ni mpita njia. Matembezi yako yamenisaidia sana, binti."

Agapiti alimvamia Mwalimu Tamimu kwa maswali: hakuna njia yoyote? Mwalimu akasema iko. Bibi akiwa hai na akili zake timamu, kwa hiari yake, anaweza kumpa mjukuu wake nyumba yote leo hii na kumkabidhi mbele ya mashahidi. Akifa kabla ya kufanya hivyo, basi.

"Muzdalifa," aliita Bibi Mwantumu. Alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na mkono mmoja ameushikilia kifuani. "Njoo hapa, mwanangu. Mwalimu, usiondoke. Nina jambo la..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika, akainama mpaka kipaji cha uso kikagusa magoti.

Abdulswamadu alikuwa karibu kuliko wote. Alimchukua kizee mikononi kwa upole ambao hakuna aliyeweza kuulaumu, akasema watu ni wengi, jua kali, shangazi yake anahitaji kulala. Akavuka kizingiti naye. Kijana wa gari lake akamfuata nyuma na godoro jipya na sanduku la nguo, na wote wakaona kwamba mizigo ile ilikuwa imefungwa tangu Dar es Salaam.

Muzdalifa aliwasukuma watu akapanda ngazi. Aliweka kiganja juu ya mlango ambao Jumamosi zote alikuwa akiwafungulia wageni, na akasikia komeo likipigwa kwa ndani. Nyuma ya mbao zile bibi yake alikuwa bado anakohoa, na katikati ya kukohoa alikuwa anamwita Mwalimu Tamimu kwa jina.